Sauti Ikinyamaza, Ndipo Somo Linaanza

Maneno haya tuliyasema mbele ya viongozi wa wakimbizi wa ndani, wazazi na walimu. Tumeyaandika hapa ili wale ambao hawakuwepo nao wayapate. Wewe unayejua kusoma, tunakuomba umsomee jirani yako asiyejua.



Tumeombwa kuzungumza juu ya vipindi vya sauti ambavyo tumeanza kuvitumia kufundishia watoto ndani ya mahema na chini ya miti. Tangu tulipoanza, mmetuuliza maswali matatu. La kwanza: je, telefoni itachukua nafasi ya mwalimu? La pili: watoto wetu wanasikia nini ndani ya sauti hizo? La tatu: sauti za watoto wetu mnazozichukua, zinakwenda wapi?

Hayo ni maswali ya watu wenye akili. Mtu aliyekimbia usiku na watoto mgongoni ana haki ya kuuliza kila kitu kinachowagusa watoto hao. Tutayajibu yote matatu. Tena tutawaeleza kosa tulilofanya sisi wenyewe, kwa sababu kosa hilo lilitufundisha zaidi kuliko mafanikio yetu.

KIPINDI CHA SAUTI NI NINI?

Vijana wanaviita podikasti. Jina hilo liliandikwa katika gazeti moja la Uingereza mwaka 2004, lakini kitu chenyewe si kigumu kukielewa. Ni kipindi kama cha redio, kinachohifadhiwa ili kisikilizwe wakati wowote. Redio ni kama mvua: ikinyesha ukiwa shambani bila ndoo, imepita. Kipindi kilichohifadhiwa ni kama maji ndani ya dumu. Unakunywa unapokuwa na kiu, unabakiza mengine kwa kesho.

Kwa sisi wakimbizi wa ndani tofauti hiyo ni kubwa. Kipindi cha redio kikipita saa mbili asubuhi, binti aliye kwenye foleni ya maji amekikosa. Kikihifadhiwa kwenye telefoni au kwenye kadi ndogo ya memori, atakisikia saa kumi. Na familia ikilazimika kukimbia tena, madaftari yanaweza kubaki, ubao utabaki, lakini kadi ndogo kama ukucha inaingia mfukoni na somo linasafiri.

Wengine hudhani kwamba lazima ununue mega kila siku. Hapana. Mtu mmoja akipata kipindi mara moja mjini, anaweza kuwapa wengine kutoka telefoni hadi telefoni kwa Bluetooth, bila mtandao na bila kredi. Telefoni moja, redio moja ndogo inayosoma kadi, na paneli moja ya sola ya kuchajia, vinatosha darasa zima.

SI JAMBO GENI

Msifikiri kwamba tunafanya majaribio juu ya watoto wenu kwa kitu ambacho hakijajulikana. Kufundisha kwa sauti ni kazi ya miaka mingi.

Katikati ya miaka ya 1970, huko Nicaragua, watoto wa shule za msingi walifundishwa hesabu kwa redio. Haikuwa hotuba ndefu ya kuwalaza usingizi. Sauti iliuliza, ikanyamaza kidogo, watoto wakajibu kwa pamoja, kisha sauti ikatoa jibu. Mwalimu alikuwa palepale akiangalia nani amejibu na nani amefunga mdomo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, jirani zetu wa Kenya walitumia njia hiyo kufundisha Kiingereza katika madarasa ya chini. Katika miaka ya 2000, huko Zanzibar, kulikuwa na vipindi vilivyoitwa Tucheze Tujifunze kwa watoto wadogo, hata kwa wale ambao hawakuwa na shule ya awali karibu nao.

Hapa kwetu Kongo, Radio Okapi ilianza tarehe 25 mwezi wa pili 2002, ikianzishwa na kikosi cha Umoja wa Mataifa pamoja na Fondation Hirondelle ya Uswisi, ikisema Kifaransa na lugha zetu nne za taifa. Mwezi wa tatu 2020 shule zote zilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, watoto wa nchi nzima waliombwa wafuate masomo kwa redio katika vipindi vya Okapi École. Kwa hiyo wazazi wengi mlio hapa mmekwisha kuona mtoto akiandika daftarini mbele ya redio.

Basi tusibishane kama sauti inaweza kufundisha. Inaweza. Tuulizane inafundisha nini, na nani yuko karibu na mtoto wakati anapofundishwa.

SIKIO HALILALI NA NJAA

Wazee wetu walisema kwamba sikio halilali na njaa. Likikosa neno jema litapata neno lingine. Hata tukikataza telefoni darasani, mtoto atasikia sauti nyingine nyuma ya hema: sauti zinazotumwa usiku, zisizo na jina la aliyezisema, zinazodai kwamba kabila fulani linakuja kuua au kwamba watu fulani si wananchi. Mnazijua. Baadhi yetu tulikimbia kwa sababu ya sauti kama hizo, baadaye tukasikia kwamba jambo lenyewe halikutokea.

Eneo letu lina kumbukumbu chungu. Huko Rwanda, redio iliyoitwa RTLM ilianza kusikika mwaka 1993. Ilipendwa kwa nyimbo na mizaha yake, na katikati ya nyimbo ikapanda chuki. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, ilitaja hata majina ya watu na mahali walipo. Mwezi wa kumi na mbili 2003, mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha iliwahukumu waanzilishi wawili wa redio hiyo pamoja na mwenye gazeti moja. Mahakama ilitambua kwamba mtu anaweza kuwa na hatia ya mauaji kwa sababu ya maneno yake. Ulimi hauna mfupa, lakini huvunja mifupa.

Lakini chombo hichohicho kinaweza kurudishwa kwenye kazi njema. Huko Burundi, mwaka 1995, katikati ya vita, studio iliyoitwa Studio Ijambo ilianza kutengeneza vipindi ambavyo waandishi Wahutu na Watutsi walifanya kazi pamoja. Na Rwanda, kuanzia mwaka 2004, watu walianza kusikiliza mchezo wa redio uitwao Musekeweya, hadithi ya vijiji viwili, Bumanzi na Muhumuro, vinavyogombana na kutafuta njia ya kupatana.

Sisi tuliposikia habari hizo, tulifurahi. Tukasema: kumbe ni rahisi! Tuwape watoto hadithi nzuri ya amani, kisha tuwaache wazungumze. Amani itakuja yenyewe. Hapo ndipo tulipokosea.

KOSA LETU

Tulikuwa na kipindi cha dakika saba hivi. Ni hadithi ya familia mbili na shamba moja. Familia ya kwanza ilikimbia vita. Iliporudi baada ya miaka miwili, ikakuta familia nyingine imelima hapo na mahindi yamefika kiunoni. Hadithi haitaji kabila wala kijiji. Tuliona haina hatari.

Watoto walisikiliza kimya. Sauti ilipokwisha, mmoja wetu akauliza darasa: "Mnaonaje? Nani ana haki?"

Hazikupita dakika tano. Mtoto mmoja akasema, "Hao waliolima ni akina fulani, ndivyo walivyo." Mwingine akajibu. Kijana wa miaka kama 12 akasema maneno ambayo hakuna mtoto anayeyatunga mwenyewe. Yalikuwa maneno ya watu wazima, ameyasikia jioni akidhaniwa amelala. Msichana mmoja akasimama, akatoka nje, akaketi kwenye mawe akiwa ametupa mgongo. Mwalimu alipiga kelele wanyamaze. Wakanyamaza, lakini haukuwa ukimya wa amani.

Kesho yake familia tatu hazikuleta watoto. Mama mmoja alituambia mlangoni pa hema lake: "Mwanangu alikuja kwenu kujifunza kusoma. Amerudi akijua nani anamchukia." Hatukuwa na la kumjibu. Tulizunguka hema kwa hema kuomba msamaha, na ilituchukua wiki mbili kabla watoto wote hawajarudi.

WALIOCHUNGUZA WALIONA NINI

Baadaye tulipata kujua kwamba jambo hilo halikutupata sisi peke yetu. Mtafiti wa Marekani, Elizabeth Levy Paluck, alifanya uchunguzi wa mwaka mmoja hapa mashariki ya Kongo, akatoa matokeo mwaka 2010. Katika sehemu fulani, watu walisikiliza mchezo wa redio unaohimiza jamii zipatane. Katika sehemu nyingine, watu walisikiliza mchezo huohuo, na baada yake kikafuata kipindi cha mazungumzo kilichowahimiza wasikilizaji wajadiliane wao kwa wao.

Wengi tungesema kwamba waliojadiliana walifaidika zaidi. Ilikuwa kinyume. Walizungumza zaidi, ndiyo. Lakini walionekana kuwa na uvumilivu mdogo kwa wengine kuliko wale waliosikiliza mchezo tu, walikumbuka zaidi maumivu yao ya zamani, na hawakuwa tayari sana kumsaidia mtu wa jamii wasiyoipenda.

Ndugu, neno hili ni zito kwa sisi tunaofanya kazi ya amani. Tumezoea kusema: mazungumzo, mazungumzo, mazungumzo. Lakini mazungumzo bila mwongozo, mahali penye vidonda vibichi, ni kama kufungua kitambaa cha kidonda bila maji safi na bila dawa. Nzi ndio wanaokuja kwanza.

Hatusemi kwamba watu wasizungumze. Baraza za wazee wetu zilikuwa za mazungumzo. Lakini katika baraza kuna mzee anayeongoza, kuna zamu ya kusema, kuna maneno yasiyosemwa mbele ya watoto, na hakuna anayeondoka kabla jambo halijafungwa. Darasa letu halikuwa na lolote kati ya hayo. Lilikuwa na sauti nzuri, kisha likaachwa bila mchungaji.

Tangu siku hiyo tumeshika neno hili: sauti ikinyamaza, ndipo somo linaanza. Robo saa inayofuata ndiyo inayojenga au kubomoa.

NAMNA TUNAVYOFUNDISHA SASA

Tutaeleza hatua zetu ili mzazi yeyote aweze kuja kuangalia kama tunazifuata.

Kabla ya somo. Mwalimu anasikiliza kipindi peke yake mara mbili, mpaka mwisho. Asiseme, "Najua kinahusu nini." Anaandika maneno magumu, na anachagua mahali pa kusimamisha. Tunapenda vipindi vya dakika tano hadi nane. Mtoto aliyekunywa uji asubuhi tu hawezi kusikiliza nusu saa.

Tunazima mtandao wa telefoni, ili ujumbe usiingie katikati ya somo na ili chaji idumu. Kama hatuna spika, tunaweka telefoni ndani ya sufuria kavu, na sauti inaongezeka. Watoto wakiwa 60, tunawagawa: 20 wanasikiliza, 20 wanaandika, 20 wanasoma ubaoni, kisha wanabadilishana. Mtoto asiyesikia vizuri anakaa mbele kabisa, na mwalimu anamchorea ubaoni jambo linalosemwa.

Wakati wa somo. Mara ya kwanza ni kusikiliza tu. Mara ya pili tunasimamisha, watoto wanajibu, tunaendelea.

Tuchukue mfano wa somo letu la foleni ya maji. Sauti ya mama inasema: "Nyumbani kwangu tuko watu sita. Kila mtu anahitaji lita 15 kwa siku. Dumu langu ni la lita 20. Nichote madumu mangapi?" Tunasimamisha. Watoto wanahesabu: sita mara 15 ni 90. Madumu manne ni lita 80, zinabaki lita 10. Kwa hiyo ni madumu manne na nusu. Ndipo sauti inaendelea: mbele ya yule mama kuna mzee mwenye dumu moja, na nyuma kuna msichana aliyeamka saa kumi usiku. Maji ya bomba yanakaribia kuisha. Tunasimamisha tena.

Hilo ni somo la hesabu. Lakini ndani yake mna somo la kukaa pamoja, na kila mtoto wa kambi analijua kwa mikono yake.

Baada ya somo. Maswali yetu yana ngazi tatu, na haturuki ngazi. Ya kwanza: tumesikia nini? Hapa mtoto anataja yaliyosemwa tu, si aliyoyadhani. Ya pili: kila mtu katika hadithi alihitaji nini, na aliogopa nini? Ya tatu: kila mmoja angeweza kufanya nini ili asimwumize mwingine?

Swali la "nani ana kosa?" tumeliondoa. Si kwa sababu makosa hayapo, au haki si kitu. Haki ina mahali pake na watu wake. Mtoto wa miaka kumi si hakimu wa vita hivi, na darasa lake lisigeuzwe mahakama.

Tena tuna sheria moja: mtu wa hadithi anabaki ndani ya hadithi. Hakuna anayesema, "Huyo ni kama kabila fulani." Mtoto akianza kueleza maumivu yake mwenyewe, mwalimu hamfokei, wala hamchimbi mbele ya wengine. Anamwambia, "Asante, nimekusikia, tutazungumza." Baada ya somo anakaa naye, na kama mtoto anakubali, anamwona mzazi wake.

Mwisho tunafunga. Hatuwaachi watoto waende na jambo mkononi. Tunaimba, au kila mmoja anasema neno moja analolibeba kwenda nyumbani.

Baada ya muda, kwa ruhusa ya wazazi, tulirudia hadithi ileile ya shamba kwa njia hii mpya. Watoto walisema kwamba waliorudi waliogopa kukosa pa kuishi, na waliolima waliogopa kupoteza jasho lao. Mmoja akapendekeza waliopanda wavune kwanza, kisha shamba lirudi kwa wenyewe mbele ya wazee. Mnajua kwamba wazee wetu wengi wangetoa shauri kama hilo. Hakuna aliyetaja kabila. Yule msichana aliyetoka nje siku ile, safari hii alikaa mpaka mwisho. Hakusema neno. Kwetu sisi hilo lilitosha.

LUGHA GANI?

Wengine mmeuliza kwa nini vipindi vingi ni vya Kiswahili, na mtihani wa mwisho wa shule ya msingi ni wa Kifaransa. Kambini kuna watoto wanaosema Kihunde, Kinyarwanda, Kinande, Kitembo na lugha nyingine. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha bila mmoja kuwa mgeni katika lugha ya mwenzake. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 nayo inakubali lugha za taifa na lugha za mahali zitumike kufundishia. Mtoto akielewa jambo kwa Kiswahili kwanza, Kifaransa chake kinapata pa kushika. Kwa hiyo tunasikiliza hadithi na hesabu kwa Kiswahili, kisha tuna vipindi vifupi vya Kifaransa kwa ajili ya matamshi na maneno mapya. Hatutaki kumnyima mtoto wenu mtihani wake.

SAUTI ZA WATOTO WETU

Sasa tujibu swali lililo zito kuliko yote. Wakati mwingine watoto hurekodi sauti zao: wanasoma shairi walilotunga, wanafundisha wenzao kunawa mikono, wanasimulia hadithi ya sungura na fisi. Wanapenda sana. Mtoto aliyenyamaza miezi mingi anajisikia kwenye redio na kucheka. Hii ni dawa pia.

Lakini sauti ni kama uso. Kwa namna anavyosema, mtu anaweza kujulikana ametoka kilima gani na ni mwana wa nani. Katika eneo lenye watu wenye silaha, hilo si jambo dogo. Kwa hiyo tumejiwekea masharti haya:

1. Hatumrekodi mtoto bila ruhusa ya mzazi au mlezi, na bila yeye mwenyewe kukubali. Mtoto akisema hapana, ni hapana, hata kama mzazi amesema ndiyo.

2. Hatutaji jina la mtoto, la mzazi, la kijiji walikotoka wala la mahali wanapolala.

3. Hatumwombi mtoto asimulie namna walivyoshambuliwa. Mgeni akija na mashine yake akitaka hadithi kama hizo darasani, tutamwambia hapana, hata kama amekuja na zawadi.

4. Sauti za watoto haziwekwi katika makundi ya WhatsApp wala kutumwa mbali. Zinabaki kwenye kadi ya darasa.

5. Mzazi akitaka sauti ya mtoto wake ifutwe, inafutwa siku hiyohiyo, mbele ya macho yake.

Mkisikia kwamba mmoja wetu amevunja sharti mojawapo, msinong'one. Mje mtuambie.

JE, TELEFONI ITACHUKUA NAFASI YA MWALIMU?

Hapana. Na tunawaomba msikubali mtu awaambie vinginevyo. Kuna hatari kwamba wafadhili wataona telefoni ni rahisi kuliko mshahara, wagawe vifaa, wapige picha na kurudi walikotoka. Wengi wetu tunaofundisha ni wakimbizi wa ndani kama ninyi. Tunalala chini ya turubai zilezile, na wengi hatupati chochote mwisho wa mwezi.

Yale tuliyoyaeleza yanaonyesha wazi: sauti bila mwalimu aliyeandaliwa inaweza kuumiza. Telefoni haioni mtoto aliyetoka nje akakaa kwenye mawe. Haijui kwamba kijana anayepiga kelele alimzika baba yake mwezi uliopita. Mtu akitaka kutusaidia, tunamwambia aandae walimu kwanza, awape cha kuwashikiza, kisha alete telefoni. Akianza na telefoni, ameanza na mkia.

TUNAWAOMBA NINI

Ninyi viongozi wa kambi na wa mitaa iliyotupokea, tunawaomba mambo manne.

Kwanza, chagueni watu watatu wa kutunza kadi na kusikiliza kila kipindi kipya kabla hakijafika darasani: mwalimu mmoja, mama mmoja na mzee mmoja. Wasitoke katika jamii moja. Wakisema kipindi hiki hakifai, hakiingii.

Pili, tupangeni saa ambayo wasichana hawatumwi maji wala kuni. Saa moja tu, mara tatu kwa juma.

Tatu, msituletee hotuba zenu ili tuziweke ndani ya masomo. Tunawaheshimu, lakini siku darasa litakapobeba sauti ya kiongozi mmoja, watoto wa upande mwingine hawatarudi.

Nne, karibisheni watoto wa wenyeji. Wametugawia kisima, mashamba na uvumilivu wao. Watoto wetu wakisikiliza hadithi moja wakiwa wameketi kwenye mkeka mmoja na watoto wao, tutakuwa tumelipa sehemu ya deni.

Nanyi wazazi, tunawaomba jambo moja. Yule kijana wa miaka 12 hakuyaokota maneno yake darasani. Aliyasikia nyumbani, usiku. Hatuwaambii msiomboleze, wala msahau mliotendewa. Tunawaomba mkumbuke kwamba turubai ni nyembamba, na sikio la mtoto halilali.

 

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

Tunaomba kila kikundi kiwe na mtu mmoja wa kuongoza, na kila mtu aseme kwa zamu.

1. Watoto wetu wanasikia sauti gani kila siku, kutoka kwa nani?

2. Tukipokea kwenye telefoni sauti isiyo na mwenyewe, tufanye nini kabla ya kuipeleka kwa mwingine?

3. Ni hadithi gani za wazee wetu zinazoweza kurekodiwa kwa ajili ya watoto wote, bila kumdharau mtu?

4. Nani kati yetu angeaminiwa na pande zote kutunza kadi ya darasa?